Siku Gari la Baba Lilipochemsha

Juzi pale Kitendaguro niliona gari kuukuu likifuka mvuke kando ya barabara, nikakumbuka mchana tulipomtoa mama kijijini Kishanda kumpeleka hospitali Bukoba. Gari la baba lilichemsha njiani. Alifungua boneti, na harufu ya mpira ulioungua ikatujia. Aliona mpira wa rejeta umepasuka, akaufunga kwa ukanda wa tairi. Tulingoja injini ipoe, kisha akaongeza maji taratibu.

"Sasa tutawahi, baba," nilisema.

Alimtazama mama kwenye kiti cha nyuma, akamfunika uso kwa kanga. Nilidhani anamkinga na vumbi.

"Tunarudi nyumbani, mwanangu."

Nilifurahi, maana hospitali niliiogopa. Njia nzima niliimba kwa sauti ya chini, nisimwamshe.