Gunia la Mbegu la Wilhelmina

Wilhelmina wa kijiji cha Mbingu aliheshimu mbegu kuliko wageni. Kila mavuno alichagua mpunga wake wa aina ya supa, suke kwa suke, akaufungia kwenye gunia na kulipandisha darini, juu ya moshi wa jiko. Hata padri angefika na njaa, gunia lile lisingeshuka.

Kikohozi kilipomzidi, hospitali ya Ifakara ikampeleka Dar es Salaam. Huko wakakuta saratani ya mapafu, nayo imesambaa. Nyumbani lilifika neno hilo moja tu: imesambaa. Ndugu wakajaa uani kumsubiri aletwe wamuage. Chakula kilipopungua, mdogo wake Kelestini akapanda darini huku analia, akashusha gunia, likaenda mashineni kukobolewa.

Lakini daktari alikuwa amesema zaidi. Imefika sehemu mbili tu, kwenye uti wa mgongo na kwenye tezi iliyo juu ya figo. Zikiwa chache hivyo, dawa zikiituliza, mionzi inaweza kupiga pafu na kila sehemu ilipojificha. Kupona hakumwahidi. Wilhelmina aliuliza kama atawahi msimu wa kupanda mpunga.

Kelestini alipopiga simu kumsihi arudi, kwamba ndugu wanamngoja, alijibiwa kwa sauti kavu.

“Waambie wale washibe, waende mashambani. Mimi huku nina kazi.”

Na kazi aliifanya. Dawa zilimtapisha, zikamnyoa nywele, naye kila siku ya kliniki alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Alilala chini ya mashine ya mionzi ametulia tuli, mama huyu ambaye hajawahi kutulia popote. Mwishowe picha zikaonyesha vivimbe vimenywea. Mwanamke wa shoka, asikudanganye mtu.

Alirudi mvua zikikaribia, amekonda, kilemba kichwani. Hata maji hakunywa. Alikwenda jikoni, akatazama juu.

“Tuliipika, dada,” Kelestini alisema. “Tulijua hurudi.”

Hospitalini hakutoa chozi. Hapo alikaa kwenye kigoda, akalia kwa uchungu. Kelestini akatoka, akarudi na gunia la mbegu yake mwenyewe begani, akalipandisha darini bila kuambiwa.

Wilhelmina alijifuta uso kwa khanga.

“Baada ya mavuno narudi Dar kupigwa picha nyingine,” alisema. “Ukisikia imerudi, Kele, gunia usiliguse. Nitakuja kupanda.”