Mwalimu na Muuza Maziwa

Eldoret ni mji wa wanariadha, ambao mtu akikupita mbio alfajiri hugeuki kumtazama. Ndiyo maana kabla ya ghasia za uchaguzi, mimi, mwalimu mnene kutoka upande wa ziwa, sikuona haya kukimbia kila asubuhi na jirani yangu, mwenyeji wa huku aliyekuwa akiuza maziwa. Tulipanga vyumba katika ploti moja ya mabati pale mtaa wa Huruma. Aligonga mlango wangu kwa kifuniko cha debe lake la maziwa, na nisipoamka upesi aliwatangazia wapangaji wote kwamba mwalimu ameshindwa na blanketi.

Asubuhi ghasia zilipofika mtaani kwetu, mume wangu alikuwa ameenda mji wa Moi's Bridge kununua mahindi. Nilisikia kelele, nikaona moshi, nikakimbilia mlango wa jirani. Niligonga. Nilimwita. Chini ya mlango niliona kivuli cha miguu yake, imesimama papo hapo. Hakufungua. Niliruka ua wa nyuma na slipa moja, nikakimbia hadi kituo cha polisi.

Mume wangu hakurudi. Tulimzika kwao, kando ya ziwa. Mimi nilirudi Huruma kwa sababu kazi ilikuwa huku, na mwenye ploti alikuwa ameweka mabati mapya pale palipoungua. Jirani alikuwa bado yupo. Tulisalimiana kwa kichwa, basi.

Jumamosi ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, maana hakukuwa na shule ya kunitoa kitandani. Nililala nikitazama misumari ya paa. Muuguzi aliniambia presha imepanda, nirudie kukimbia kidogo kidogo kama zamani. Nilimchukia kwa hilo neno zamani.

Jumamosi moja nilishikwa na hasira, hasira ya blanketi na ya mwili wangu mwenyewe. Nikatoka nilivyokuwa, leso kiunoni, slipa miguuni, nywele timutimu, nikaanza kukimbia.

Mama mboga wa pale kona aliniona. Aliacha nyanya zake, akamnyakua mtoto, akatimua mbio. Kinyozi akafunga mlango. Waliokuwa wakinunua sukuma wiki wakamfuata mama mboga bila kuuliza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ndiye niliyekuwa ung'ongo siku hiyo. Ubaya ni kwamba nilipoona watu wanakimbia, nami niliamini kuna jambo, nikaongeza mbio.

Fundi wa viatu, mzee wa makamo, alinidaka mkono.

"Mama, ni nini? Wamerudi?"

"Nani?"

"Si hao unatoroka!"

"Mimi nafanya tu mazoezi, Mzee."

Mama mboga alikuwa amesharudi, akiangalia nyanya zilizokanyagwa. "Mazoezi? Na leso? Unataka tufe na presha?"

Hakuna aliyecheka. Nilimsaidia kuokota zilizobaki. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu ziliishia kwa mama mboga. Nilirudi kitandani nikaapa sitatoka tena.

Jumamosi iliyofuata nilisikia kifuniko cha debe mlangoni. Niliinuka, nikaenda, nikasimama nyuma ya mlango bila kugusa komeo. Kivuli cha miguu yake kilikuwa chini pale. Nilitaka asimame mpaka achoke. Nilitaka sana.

"Mwalimu, nimekuletea traki na raba," alisema. "Watu wakiona traki watajua ni mazoezi. Nitatangulia nikiwaambia."

Nilishika komeo, nikaliachia.

"Ile siku nilikusikia," akaendelea, sauti imeshuka. "Wenye kuchoma walikuwa wamesema mwenyeji akimficha mtu wa kwenu atachomewa ndani na watoto wake. Nilikusikia ukiniita. Mpaka leo nakusikia."

Kanisani hupenda nisimulie kwamba hapo nilimsamehe. Sikumsamehe. Nililia, nikafuta uso kwa leso, nikafungua.

Traki ilinibana mapajani. Tulielekea upande wa Soy, yeye mbele akiwapigia kelele wauza mahindi na watu wa bodaboda, "Ni mazoezi! Hakuna kitu, ni mazoezi tu!" Mimi nyuma nikihema, nikimchukia, nikiufuata mgongo wake. Mama mboga alitutazama tukipita, akaendelea kupanga nyanya.

Miaka imepita, na sote wawili tumezeeka. Siku hizi tunatembea zaidi ya kukimbia. Siku mbovu bado zinakuja. Walimu wenzangu huniuliza nguvu ya kuamka naitoa wapi, wakitarajia nitaje afya au maombi. Sina nguvu yoyote. Kuna mtu anagonga, na mimi ninajua ilivyo kusimama nje ya mlango ambao haufunguliwi. Basi ninaamka, ninamfungulia.