Maneno Kumi na Mawili Ndani ya Ukuta

Nilitumia karibu mwezi mzima kuchagua pochi ya kuwekea fedha ambazo bado sikuwa nazo.

Kazi niliipata mtandaoni: kusikiliza sauti za watu wakizungumza Kiswahili na kuandika walichosema, hata pale walipokohoa. Niliifanyia nyumbani kwetu, mtaa wa Kizwite, kwenye kompyuta ya mtumba, kwa ujuzi niliojiokotea mwenyewe. Mteja wangu alikuwa ng'ambo, naye alisema mapema kwamba hulipa kwa sarafu za kidijitali tu. Hayo yangekuwa malipo yangu ya kwanza yasiyotoka kwenye mahindi na ulezi wa mama, na nilikuwa nimeshamwahidi kwamba nitayatumia kuezeka jiko lake kwa bati. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa kukosa.

Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikikosea neno moja katika barua, siwezi kulikata. Naianza barua upya. Kwa hiyo niliposoma kwamba pochi za sarafu hizo ziko za aina mbili, nilipoteza hamu ya kula. Katika aina ya kwanza kampuni inakushikia fedha zako, na ukisahau namba ya siri unaiomba ikusaidie. Aina ya pili ni ya binafsi. Unaipakua kwenye simu, nayo inakupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, maneno ya kawaida kabisa, kwa mpangilio wake. Hayo ndiyo ufunguo. Simu ikiibiwa, unayaandika kwenye simu nyingine na fedha zinaonekana tena. Ukipoteza simu na maneno, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Na mtu mwingine akiyaona, fedha ni zake.

Ningechagua ya kwanza ningepumua. Lakini nilisoma habari za kampuni zilizofunga milango fedha za watu zikiwa ndani, nikachagua ya pili. Hapo ndipo mateso yalipoanza, maana pochi za binafsi nazo ni nyingi. Nikasoma maoni ya watu nisiowajua, hasa ya waliolalamika. Nikatafuta iliyoacha wazi msimbo wa programu yake ili mafundi waukague, ingawa mimi mwenyewe nisingeelewa hata mstari mmoja. Nilipoipata nikasikia kuna za bandia zenye nembo kama hiyo hiyo, nikakaa nikilinganisha nembo mpaka macho yakatoa machozi.

Rafiki yangu ana duka la simu Majengo. Mjini kwetu mtu kukabidhi simu kwa wakala na kumtajia namba ya siri, watu wote kwenye foleni wakisikia, ni jambo la kawaida. Anayekataa ndiye huonekana mwenye roho mbaya. Nilikwenda kumwuliza jambo dogo tu, yeye akanyoosha mkono.

"Lete simu, mshikaji. Sasa hivi tu nimemaliza. Maneno yako nitayapiga picha nikutunzie, kama ninavyowatunzia wenzako."

Nikamweleza kwamba maneno hayo hayapigwi picha, wala hayatunzwi na mtu mwingine.

"Wewe ukipewa ugali unaupima kwa rula kwanza," akasema. "Utakufa na njaa, ila ugali utakuwa umenyooka."

Waliokuwa dukani wakacheka. Nami nikacheka, nikarudi nyumbani na simu yangu.

Nilijifungia chumbani, nikaifungua pochi, nikayaandika maneno kwenye karatasi. Herufi moja ilipinda. Nikaichoma karatasi ile, nikaandika upya, nikaikunja vizuri na kuifunga kwa kipande cha nailoni. Sasa niifiche wapi? Wataalamu wa mtandaoni walishauri sanduku la chuma lisiloungua. Sisi tuna ufa.

Ufa huo uko kwenye ukuta wa jiko la mama, nyuma ya mafiga, pale ambapo matofali mawili ya udongo hayakukutana. Panya hawaufikii, na moshi huufanya uwe mkavu hata masika. Humo mama huweka sindano, wembe, ufunguo wa kasha na mbegu za maboga zilizofungwa kwenye kitambaa. Una sharti moja tu, nalo tumelikuta: ukiweka kitu, mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Sikumwambia mtu. Maelezo yote niliyosoma yalisema usimwambie yeyote. Lakini nikisema kweli, maelezo yalinipa kisingizio tu. Nilitaka mama aone bati, asinione nikihangaika.

Nikamtumia mteja anwani ya pochi, ule mstari wa herufi na tarakimu usiosomeka. Siku chache baadaye nikakutana na ushauri ulionifurahisha mno: kabla hujapokea chochote, jaribu maneno yako. Ifute pochi, kisha uirudishe kwa maneno hayo. Ulikuwa ushauri wa mtu kama mimi. Nilikuwa Majengo kununua bando, malipo yalikuwa bado wiki nzima, nikaifuta pale pale nikiwa nimekaa kwenye benchi. Ningeirudisha nikifika nyumbani.

Njiani ujumbe wa mteja ukaingia. Ameridhika na kazi, ameona alipe mapema, ameshatuma.

Nilimkuta mama jikoni, udongo umemfika viwikoni. Jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inakuja kusali kwetu kesho yake, nami nilikuwa nimesahau kabisa. Ukuta wote ulikuwa umesiribwa, laini, wenye unyevu, hauna hata alama ya ufa. Kwenye ungo kulikuwa na sindano, wembe, ufunguo na mbegu. Nailoni yangu haikuwepo.

Nikamwuliza. Akasema aliiona, akadhani nimeuzibia ufa kwa sababu ya upepo wa kiangazi, akaisukuma ndani zaidi na kupitisha udongo juu yake, ili wageni wakute ukuta usio na tundu.

"Kwani ilikuwa na nini?"

Ilibidi nimweleze yote, tangu mteja mpaka benchi la Majengo. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma mara kwa mara. Mwisho nikasema, "Bati lako limo humo, mama."

Aliutazama ukuta, kisha akanigeukia.

"Mbona hukusema?"

"Waliandika nisimwambie mtu."

"Akina nani?"

Ni watu ambao sijapata kuwaona hata uso, na niliwatii kuliko nilivyomtii yeye.

Akanawa mikono, akachukua kisu, akakiweka juu ya figa. Akaniambia kwa Kifipa kwamba kitu ni changu, nikate au ningoje, yeye hatasema neno. Lakini nilijua kesho wanawake wa jumuiya wangeingia humo kuchemsha chai, na jambo la kwanza wangepapasa ukuta. Mama anajulikana kwa kusiriba. Nilikishika kisu. Nikafikiria wino na unyevu. Kisha nikakirudisha. Nisijifanye mwema: nilichoogopa ni kuharibu vyote viwili, ukuta na karatasi.

Wageni walikuja, wakasali, wakaimba. Nilikaa karibu na mlango wa jiko nikiitikia sala za watu huku moyo wangu ukiombea karatasi. Mwanamke mmoja alitoka na sufuria ya chai akasema kwenye ukuta ule mtu anaweza kujitazama uso. Mama akainamisha kichwa, akitabasamu.

Walipoondoka alikata mwenyewe, kipande kidogo cha mraba, bila kubahatisha, akanipa nailoni bila kuifungua. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye mkunjo, ule mkunjo nilioulainisha kwa ukucha ili uwe sawa. Maneno yote yalisomeka isipokuwa moja, ambalo mwisho wake uliyeyuka na kuwa doa la buluu. Zilibaki herufi nne za mwanzo.

Katika kusoma kwangu kwingi nilikuwa nimepita mahali paliposema kwamba maneno hayo hutoka kwenye orodha maalumu, na hakuna mawili yanayofanana herufi nne za kwanza. Nilikuwa nimelipuuza jambo hilo, kwa kuwa karatasi yangu ingekuwa kamili. Nikalitafuta neno, nikaliona, nikayaandika yote kwenye simu. Pochi ikafunguka. Malipo yalikuwepo.

"Limeonekana?" mama akauliza kutoka uani.

"Limeonekana, mama."

Nikaandika karatasi nyingine, mara moja tu, na herufi zake zimepinda. Niliitia kwenye kikopo, nikaiweka ndani ya ufa mbele ya mama, nikamweleza ni ufunguo wa nini. Hakuomba kuyasoma maneno, nami sikumsomea. Kiraka cha udongo alichozungushia mdomo wa ufa kilikauka kwa rangi nyingine, na kwa miezi kadhaa kila nilipoingia jikoni macho yalikwenda pale kwanza.

Kiangazi hiki nilikuwa kwenye kompyuta, upepo ukigongagonga bati jipya, nikamsikia akiburuta ndoo ya udongo uani.

"Njoo utoe kitu chako," akaniita. "Nataka kusiriba."