Hereni ya Ng'ombe wa Dada

Shule mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nililisoma machungani zaidi kuliko darasani. Kwa hiyo mkiona naandika mambo ya mtandao msinicheke. Haya niliyaona mwenyewe.

Mwaka huo watu wa serikali walipita kuvalisha ng'ombe hereni za utambuzi. Afisa mifugo aliyekuja kwetu alikuwa binti mpole, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Kila hereni ina namba. Anaibana sikioni, kisha anaandika kwenye kishikwambi namba, rangi ya ng'ombe na jina la mwenye mali. Kwetu mtandao hauji mpaka upande kilimani, kwa hiyo akanieleza kwamba kishikwambi kinatunza kwanza, halafu akifika ofisini Bariadi kinapeleka yote kwenye mfumo wa serikali. Kusinki, ndivyo alivyoita.

Tukafika kwa mwekundu mwenye baka jeupe usoni.

"Huyu naye wako, babu?"

Nikajibu wangu.

Hakuwa wangu, alikuwa wa dada yangu. Sisi Wasukuma hatuweki mali yote zizi moja. Unampa ndugu akutunzie, yeye anakunywa maziwa, na siri inabaki kwenu wawili. Marehemu baba alikuwa na ng'ombe huko Ipililo ambao mama alikuja kuwajua siku ya msiba. Alilia mara mbili siku ile, lakini hayo ni mengine. Mgeni akikuuliza, unasema wangu. Kwetu huo si uongo, ni heshima. Na dada alikuwa na sababu yake: mumewe alipofariki, mashemeji walibeba mpaka majembe. Mwekundu alisalia kwa kuwa hawakumjua.

Kesho yake nakunywa uji ndipo likanijia. Mimi ni mzee. Nikifa, wanangu watamkuta mwekundu kwenye mfumo kwa jina langu. Zamani ningemwita mkubwa wao nikamnong'oneza, ikatosha. Sasa neno la marehemu litashindana vipi na maandishi ya serikali?

Nikapanda bodaboda hadi Bariadi, nikidhani nitawahi kabla kishikwambi hakijapeleka. Binti akanisalimia vizuri, mwangaluka babu, akasema yote yalishapelekwa jana. Nikainama nimnong'oneze shida yangu. Hakusikia, akaniomba niseme kwa sauti. Nyuma yangu benchi zima limejaa wafugaji.

"Ni wa dada yangu," nikasema. "Mimi namlisha tu."

Mmoja wa benchini akanitania kwamba kumbe mzee mzima nachunga kwa kibarua. Wakacheka. Nami nilicheka, ila masikio yaliniwaka.

Binti akabadilisha jina kwenye kishikwambi. Kisha akageuza kompyuta ya mezani nione, na mle mwekundu bado alikuwa wangu. Vitu viwili vya ofisi moja, kila kimoja na lake, kama wake wenza. Akasema mtandao uko chini siku hiyo, niende tu nyumbani, vitapatana vyenyewe. Nikamwambia nitasubiri. Akaenda kunywa chai, akarudi. Waliocheka wakahudumiwa, wakaondoka. Kiduara kilizunguka pale kwenye kioo mpaka nikasinzia. Saa tisa hivi akaniamsha: jina la dada lilikuwa kote kuwili. Nikamwomba anisomee mara mbili.

Nikapitia kwa dada moja kwa moja. Alikuwa anamenya karanga. Nikamweleza yote, hata la kusema mbele za watu, nikangoja anigombeze. Akamenya karanga nyingine, akaitupia kwenye ungo.

"Kwa hiyo mashemeji wakifika pale wataliona jina langu," akasema.

"Wataliona."

"Basi waone limeandikwa na serikali."

Akanisogezea ungo ili nami nimenye. Baadaye kidogo akaongeza kwamba maziwa niendelee kunywa mimi, hayo hayakuandikwa popote.