Maji Yalipokupwa Mchana

Kwa miaka ishirini na mbili alipiga video za harusi, na mtaani wakamwita Tabasamu, kwa sababu ndilo neno alilowapigia kelele maharusi tangu asubuhi. Mkono wake haukutetemeka. Ukimpa uso wowote, hata wa mtu aliyeamka na mafua, angeutafutia mwanga wa dirisha mpaka ung'ae.

Binti wa dada yake alikuwa ameandika filamu yake ya kwanza ya kutisha, ya ufukweni. Alipokosa mpiga picha, akaja moja kwa moja mpaka sebuleni.

"Mjomba, nakutaka wewe."

"Mimi? Mimi hata paka mweusi akipita mbele yangu namwambia atabasamu."

Akakubali lakini. Mpwa akikuomba utamkatalia vipi?

Walipiga siku tatu, mchana kweupe, maana mpwa alisema giza kila mtu ameshalizoea. Jioni ya siku ya tatu wakakaa kutazama walichovuna. Bahari ya buluu, mawimbi safi, mwigizaji anapigwa na jua la pembeni, nywele zinapepea. Mwanamke huyo alitakiwa awe amempoteza mdogo wake.

"Mjomba," mpwa akasema taratibu, "huyu hajapotelewa na mtu. Huyu yuko fungate."

Wote wakaangua kicheko. Tabasamu naye akacheka, ila kilimchoma.

Nyumbani alimkuta mkewe, fundi cherehani, anatia vifungo kwenye shati la mteja. Akamweleza yote.

"Shida yako huogopi kitu," mkewe akasema bila kuinua kichwa.

"Wewe baharini unaogopa nini? Papa?"

"Papa nimemwona wapi? Mimi naogopa maji yakipwa." Akakata uzi kwa meno. Akiwa na miaka saba, alisema, alikwenda na dada yake kuokota kombe. Maji yalikuwa yamerudi mbali kabisa. Aliinama kwenye kidimbwi, na alipoinuka, dada hayupo. Mchanga mtupu kila upande, jua la utosi. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Kumbe alikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiwe, anajisaidia! Cheka tu. Mimi mpaka leo sijacheka."

Kesho yake Tabasamu aliulizia saa ya maji kupwa. Akaitega kamera chini, nusura iguse mchanga, mbali sana na waigizaji, hata wakaonekana kama njiti mbili za kiberiti. Mkubwa akainama kwenye kidimbwi. Mdogo akatembea polepole, akapotelea nyuma ya jiwe. Mkubwa akainuka. Akageuka huku, akageuka kule. Mpwa alipotaka kusimamisha, mjomba akamshika mkono. Mwenyewe alitamani kumsogelea yule dada, kama alivyozoea kuwasogelea maharusi, akajizuia. Wingu likapita, mchanga ukabadilika rangi. Watu waliokuwa nyuma ya kamera wakaanza kusogeleana bila kuambiwa.

Filamu ilioneshwa Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa shule. Ilipofika hapo, mkewe akasimama akatoka. Tabasamu akamfuata, akamkuta kwenye bomba ananawa uso.

"Ungeniambia kwamba utaitumia."

"Ungekataa."

"Ningekataa siku mbili, halafu ningekubali. Umeninyima hizo siku mbili."

Alimwomba radhi palepale, suruali inarowa maji ya bomba. Mkewe akatega sikio upande wa ukumbi, ambako hata kikohozi hakikusikika.

"Mbona wako kimya hivyo? Haijaisha?"

"Bado anageuka."

"Mungu wangu. Wahurumie basi," akasema, na hapo ndipo alipocheka kidogo.

Mpwa alipata waongozaji wengine waliotaka kujua nani alipiga picha ile, na kazi zikaanza kumfuata Tabasamu. Siku hizi kila mswada unaomfikia huusoma kwa sauti jikoni, mkewe akikata vitunguu. Kisu kikisimama, huweka alama pembeni ya ukurasa, kisha humuuliza kwanza.