Kuku Waliokufa Kwenye Foleni ya Feri

Katika safari yangu ya kwanza kuku kumi na wanne walikufa, na niliwaua mimi kwa kuwatunza kupita kiasi.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja. Ufugaji wa kuku wa nyama nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kuharibu. Banda letu lilikuwa upande wa Malindi, na machinjio yaliyokubali kunijaribu yalikuwa Kikambala. Daraja la Kilifi halikuwapo bado. Magari yote yalivushwa kwa feri.

Asubuhi hiyo niliwalisha kuku mpaka wakashiba, maana kwetu hakuna atokaye nyumbani kwenda safari na njaa. Nikawapanga kwenye matenga, nikayafunika turubai pande zote wasipigwe na jua. Kila fundo nililikagua mara tatu. Kwenye foleni ya feri gari lilisimama zaidi ya saa nzima, mimi nikiwa mbele na dereva. Nyuma kulikuwa kimya, nami nikafurahi, nikidhani wamelala.

Tulipofika Kikambala na kufunua turubai, mvuke ulinipiga usoni, na kumi na wanne walikuwa wamekufa. Mchinjaji alikuwa mzee wa Kiislamu, mpole. Kwake, kuku aliyekufa kabla ya kisu ni mzoga, haliwi. Nami nilijua hivyo. Hata hivyo nilimchukua mmoja aliyekuwa bado na joto, nikamchanganya na wazima, nimemshika kichwa kwa kidole gumba kisilegee. Mzee akampokea, akamweka sakafuni. Kuku akaanguka ubavu.

"Mwanangu," alisema, "ulitaka niwalishe watu mzoga?"

Aliwachinja waliobaki, kisha akaniambia nina safari moja tu nyingine. Nikimficha tena hata mmoja, nisirudi kwake. Na hapakuwa na machinjio mengine yaliyotutaka.

Nyumbani, baada ya kuwafukia, niliingia nyuma ya gari juani nikajifunika turubai lile lile. Dereva aliniacha kidogo, halafu akagonga bodi.

"Toka, dada. Ukifa humo, mzee hakupokei wewe pia."

Nilitoka nimelowa jasho, kichwa kinazunguka. Nilikuwa nimekaa muda mfupi tu, tena tumboni sina kitu; wao walikaa zaidi ya saa nzima, wameshiba.

Safari ya pili niliwaondolea chakula tangu jioni, nikawaachia maji. Nilipunguza kuku katika kila tenga, nikaliacha turubai nyumbani, tukaondoka mara baada ya alfajiri. Bado tulikuta foleni, kwa sababu lori lilikuwa limekwama kwenye mteremko wa kupandia feri. Jua lilipoanza kupanda nilishusha matenga yote, moja moja, nikayapanga kwenye kivuli cha ukuta wa kibanda cha chai, penye upepo. Wanawake waliokuwa wakisubiri kuvuka walinicheka. Mmoja akaniuliza kama hao ni kuku au mabibi harusi, na kama ni mabibi harusi mbona siwapepei. Nikavua leso ya juu, nikawapepea kweli. Waliangua kicheko, lakini lori liliponasuliwa walinisaidia kupakia.

Kikambala niliteremka kwanza, nikafungua matenga mwenyewe. Watatu walikuwa wamekufa. Mmoja wao alikuwa na joto bado, na nakiri kwamba nilimshika kitambo kirefu kuliko wenzake. Nikamweka chini pamoja nao.

"Shikamoo, mzee. Watatu wamekufa. Nimewatenga hapa."

"Marahaba." Aliwapapasa wazima vifua, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. "Alhamisi lete wengine," akasema, akachukua kisu.

Njiani dereva alinipongeza, akashangaa kuona nimenuna. Watatu ni wengi. Tena wote walitoka tenga moja, lile la chini, katikati, lisilofikiwa na upepo. Nikamwambia kwamba Alhamisi hakuna tenga litakalokaa katikati, hata ikibidi twende mara mbili.