Kiapo cha Pili cha Mzee Crull

Mwaka 1864, kabla vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani havijaisha, Rais alitaka kuiunganisha nchi kwa kiapo: mwasi wa Kusini akiapa kuutii Muungano, anasamehewa. Mjini kwetu, katika jimbo la Arkansas, nilipewa kazi ya kuandika majina ya walioapa, kwa sababu nilikuwa na shahada, na kwa sababu kazi yenyewe haikuhitaji kuongea.

Mzee Obed Crull, mkulima wa mahindi, aliapa Jumatatu. Jumanne akarudi.

"Ulishaapa, mzee," nikanong'ona.

"Hicho kilikuwa changu. Leo naapa kwa niaba ya mwanangu Lemuel. Yuko kambi ya wafungwa, hawezi kuja."

"Sheria hairuhusu."

"Miaka minne chuoni, binti, na jina moja zaidi linakushinda kuandika?"

Kwa aibu nikajitolea kumwandikia Rais barua amwachilie Lemuel. Nilijaza kurasa tatu za udugu na majeraha ya taifa, nikamsomea mzee kwa fahari.

Akajikuna kidevu. "Nzuri. Ila nyumbu wangu wa kuvuta plau amekufa na sina wa kunisaidia kulima. Hilo umeliweka wapi?"

Nikafuta taifa lote, nikaandika habari za nyumbu.